Gunia la Mkaa Lisilomwagwa

Panya wamefika kisiwani. Walisafiri ndani ya gunia la mkaa, na gunia hilo alilishona Josepha, msichana wa miaka kumi na mitatu, dukani kwa mama yake mdogo, Kariakoo.

Kisiwa hicho hakikuwa na panya tangu enzi na enzi. Ndiyo maana ndege wanaoitwa membe walitaga mayai juu ya mchanga mtupu, bila woga. Duka la mama mdogo huyo, Paskalina, lilipeleka mahitaji ya walinzi wa huko kwa sharti moja: kila gunia limwagwe juu ya turubai, likaguliwe, ndipo lishonwe kwa uzi mwekundu. Kazi hiyo ilikuwa ya Josepha kila Jumamosi.

Jumamosi ile alikuwa ameshavaa blauzi nyeupe ya kwaya. Mkaa unachafua. Akachukua shazia, ile sindano kubwa ya magunia, akashona kwa uzi mwekundu, akaondoka.

Miezi miwili baadaye Polycarp, mlinzi wa ndege kisiwani, aliingia dukani. Alitupa mezani gunia lililotobolewa kwa meno. Maganda ya mayai yakamwagika.

"Shikamoo, anko," alisema Josepha.

"Sitaki shikamoo yako! Nani alikagua hili?"

Paskalina hakumtazama Josepha. Alimgeukia Sadalla, mpakizi wa mizigo. "Ni huyu! Kila siku nasema usilaze magunia chini stoo. Kichwa jiwe!"

"Bosi, mimi nabeba tu. Nilikuta uzi umeshashonwa."

"Usinijibu! Vua hilo koti la kazi, uende."

"Niende wapi? Wanangu wanne wale nini?"

"Waulize panya wako!"

Sadalla alivua koti, akalikunja polepole. Josepha akasogea mezani.

"Mama mdogo, ni mimi. Sikulimwaga. Nilishona tu."

"Umesema?"

"Niliogopa kuchafua blauzi."

"Mshenzi wewe! Namtukana mtu mzima, umekaa unanitazama?"

"Nisamehe, baba," Josepha alimwambia Sadalla.

"Ulingoja nifike Jangwani na njaa yangu, ndipo useme?" alijibu. Akavaa tena koti la kazi, akampa mgongo.

Ili kulipa kosa lake, likizo nzima Josepha alikaa kisiwani na Polycarp wakitega mitego kwa nazi iliyokaangwa. Hakuna aliyembembeleza. Aliporudi shule, Polycarp aliendelea kutega peke yake, hadi nyayo za panya zikakoma kabisa mchangani. Siku hiyo alikuja dukani kuwaambia.

"Sikiliza, mtoto," alisema. "Uzi ule hauzuii panya. Unatuambia sisi kwamba mtu mwaminifu ameangalia. Ukishona bila kuangalia, umetudanganya wote, na anayelipa ni kinda asiyeweza hata kuruka. Fanya kazi yako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

Kisha akafungua daftari, akasoma. Miezi mitano ya kutega. Panya ishirini na saba. Viota arobaini na vinne vimeharibiwa. Mayai themanini na moja yameliwa. Makinda walioruka msimu ule: hakuna hata mmoja.