Salamu Aliyofundishwa Madame Namsifu

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Lise Ngoie alimpelekea Madame Namsifu ndoo ya maji. Nyumba ya mwalimu huyo ilikuwa nyuma ya kanisa la Kimetodisti, si mbali na kisima. Lakini Mama Marthe, mama yake Lise, alisema mgeni hafai kuchota maji peke yake kama mtu asiye na watu.

Madame alitoka Tanzania, kwenye milima ya Upare. Alifika Kamina, nchini Kongo, mwanzoni mwa mwaka 1998 kufundisha Kiingereza, na alikuwa ameahidi kwao kwamba Krismasi angekula nao. Mwezi wa nane vita vikaanza. Treni zikawa za askari, barua zikakoma, na ndege zilizopita juu ya mji zilikuwa zikielekea Base, kambi ya jeshi. Sasa ilikuwa Desemba. Kila mvua ilipokatika, Madame alianika betri za redio yake juani ili zipate nguvu kidogo ya kumpa habari za jioni. Kisha aliwasha makaa kwenye babula, jiko lake dogo, akachemsha chai na kusahihisha madaftari. Hakuzoea kulalamika.

Lise alikuwa na miaka kumi na tatu. Alikuwa hodari darasani, na alimpenda Madame, mpaka siku moja ya mvua kubwa. Watoto wa darasa jingine walikuwa wamekwama uani, na Lise akainua mkono.

"Madame, batoto beko inje. Mvua inabapika."

Kwa watu wa Kamina maneno hayo hayana shida: mvua inawapiga. Madame alisimama na chaki mkononi, kisha akacheka.

"Inawapika? Na chumvi imeshatiwa?"

Darasa zima likacheka naye. Madame akaandika ubaoni, "Mvua inawapiga," akaendelea na somo. Lakini tangu siku hiyo wenzake Lise walimwita "Chumvi". Walimwita hivyo njiani, walimwita hivyo kisimani. Moyo wake ukaingiwa na uchungu, wala hakumwambia mtu.

Zaidi ya wiki moja kabla ya Krismasi, Lise alipotua ndoo, Madame alimwita akae.

"Lise, nimekaa hapa karibu mwaka na sijui Kiluba, lugha ya kwenu, hata kidogo, kwa sababu kila mtu ananisemesha Kiswahili. Nifundishe namna ya kumkaribisha mgeni. Nataka kusema, 'Karibuni, hapa ni kwenu.'"

Lise aliinamisha macho. Alimfikiria mke wa mchungaji, ambaye angekuja kumtembelea Madame Jumapili pamoja na kina mama wa kwaya. Akaona jinsi watakavyoshika mbavu kwa kicheko.

"Iko rahisi, Madame," akasema. Akamfundisha maneno ya Kiluba ambayo maana yake ni, "Mmekaa sana, rudini kwenu."

Madame aliyaandika katika daftari lake. Kwa siku tatu aliyarudia akipepeta mchele, akifagia, akitembea kwenda shuleni. Kila asubuhi alimwomba Lise amsikilize. "Njo vile," Lise alijibu. "Madame anasema muzuri."

Jumamosi asubuhi Mama Marthe alimpa Lise sufuria ya sombe, kisamvu kilichopikwa, apeleke shuleni. Madarasa mawili yalikuwa yamejaa watu waliokimbia vita kaskazini, upande wa Kabalo, wengi wao wakisema Kiluba tu. Lise alipofika mlangoni alimkuta Madame amesimama katikati ya darasa, amevaa kitenge chake kipya na kubeba kikapu cha maembe. Mbele yake, juu ya mkeka, alikuwa ameketi mwanamke mwembamba aitwaye Mama Umba, na binti yake mdogo Abigaïl akimlalia mapajani.

Madame alipiga goti kwa heshima, akatabasamu, akafungua mdomo. Hapo ndipo Lise alipoelewa. Madame hakuwa amejifunza kwa ajili ya mke wa mchungaji, bali kwa ajili ya wakimbizi hawa. Lise alitaka kupaza sauti, lakini alichelewa.

Madame akayasema maneno yote, polepole, bila kukosea hata moja.

Mzee mmoja aliyekuwa akila aliweka chakula chini. Mama Umba alimtazama Madame kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. Madame alidhani wameguswa. Akaacha maembe, akawaaga kwa mikono miwili, akaenda zake na furaha usoni. Lise aliweka sufuria chini akakimbia nyumbani.

Adhuhuri Mama Marthe alirudi kutoka sokoni na uso umekunjamana.

"Bantu banasema Madame amefukuza bakimbizi," alisema. "Mama mumoja amefunga muzigo wake, ameenda na mutoto mu mvua. Miye sisadiki. Madame hawezi."

Lise alikuwa anatwanga sombe. Mchi ulisimama mikononi mwake.

"Mama, hakuwafukuza. Ni mimi."

Akaeleza yote, tangu chumvi hadi maembe. Mama Marthe alisikiliza bila kumkatiza. Lise alipomaliza, mama yake hakumpiga wala hakupandisha sauti.

"Kinywa chako njo kilimufukuza," alisema. "Kinywa chako kitamurudisha. Kwanza enda kwa Madame."

Madame alikuwa barazani anachagua mawe katika mchele wa Krismasi. Lise alisimama mvuani, akaungama yote. Ilikuwa vigumu kuliko mtihani wowote. Madame alifunika ungo, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo nilipokuwa natabasamu, nilikuwa namwambia aondoke?"

"Ndiyo, Madame."

Madame alishika kichwa. Kisha akainuka kama alivyo, na ndala zake miguuni. "Yuko wapi?"

Baada ya kuulizia njiani, walimkuta stesheni ya treni, chini ya kibanda cha bati. Mama Umba alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, anangoja treni ya kwenda Bukama. Watu wa reli walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba hakuna treni, lakini hakuwa na mahali pengine pa kungojea. Abigaïl alikuwa anatetemeka. Madame alivua kitenge cha mabegani akamfunika mtoto.

Lise alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa. Kwa Kiluba akamwambia Mama Umba kwamba maneno yale yalikuwa yake, si ya Madame. Kwamba Madame alitaka kusema "karibuni". Kwamba yeye alimdanganya kwa sababu ya hasira ya darasani.

Mama Umba alipojibu, hakumtazama Lise. Alitazama reli.

"Anasema nini?" Madame aliuliza.

Lise angeweza kupunguza ukali wa maneno yale. Hakupunguza. "Anasema ametembea siku kumi na tisa. Mtoto wake wa kiume alibaki njiani, walimzika kando ya barabara. Anasema watu wa vijiji vitatu waliwaambia hivyo hivyo, rudini kwenu. Alidhani hapa ni mahali pa nne."

Machozi yalimtoka Madame. "Mwambie nimekosa, kwa kuwa nilisema neno nisilolijua. Mwambie nyumba yangu ina chumba, na mimi pia siwezi kufika kwetu." Kisha akamgeukia Lise. "Na wewe nilikosea. Ulinipa habari ya watoto walionyeshewa, nami nikaifanya kichekesho. Nisamehe."

Lise alitafsiri kila neno, hata lile lililomhusu yeye. Sasa Mama Umba alimtazama Lise, akamtazama Madame pia, akasimama. Lise akabeba mzigo kichwani, wakarudi wote wanne. Kabla ya kwenda nyumbani kwa Madame walipitia shuleni. Mbele ya yule mzee na watu wote, Lise aliungama tena.

Siku ya Krismasi walikula pamoja kwa Madame: wali, bukari, yaani ugali, sombe na kuku mmoja aliyeletwa na Mama Marthe. Abigaïl alikula mara mbili. Mama Umba, aliyekuwa haongei sana, alianza kumfundisha Madame majina ya vitu kwa Kiluba, na Madame aliyarudia moja moja huku akimtazama usoni.

Lise alikuwa anaosha sahani nje. Mama Marthe alikuja kumsaidia.

"Lise," alisema, "kama muntu alikuumiza, umwambie kwa mudomo wako. Lakini mugeni asiyejua luga ni sawa na kipofu amekupa mukono. Usimupeleke mu shimo, hata kwa muchezo. Haujui ataanguka juu ya nani."

"Nimesikia, mama," Lise alijibu, akampa sahani ya mwisho aipanguse.