Picha ya Pasipoti ya Wahome

Stendi ya miguu mitatu ilisimama mahali pake katikati ya studio, lakini juu yake hapakuwa na kamera.

Inspekta Barnabas Wandera aliizunguka polepole, mikono nyuma. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Julai 1971, na baridi ya Nyeri ilikuwa imemfuata hadi ndani.

"Nini kingine hakipo, Bwana Theuri?"

"Kitambaa cheupe," alijibu Hezekiah Theuri, mpiga picha. "Hicho natundika ukutani mtu akitaka picha ya pasipoti. Na..." Alisita. "Na njuga."

"Njuga gani?"

"Kengele ndogo tu. Mtoto akikataa kuangalia kamera, nazitikisa. Si kitu."

Alisema si kitu, lakini alikuwa akitazama sakafu.

Kufuli halikuvunjwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Konstebo aliyekuwa akitafuta alama za vidole mlangoni alitikisa kichwa.

"Mwizi wa ajabu," alisema. "Ati ameacha redio, akabeba kengele."

Gathoni, mke wa mpiga picha, aliingia na chai kutoka nyumba ya nyuma. Alisema alikuwa ametoka maombi ya alfajiri. Wandera alipokea kikombe na kuona kwamba pindo la gauni lake lilikuwa limelowa umande, na majani mabichi yaliyokatwa yamenata viatuni mwake. Barabara ya kanisani ilikuwa ya lami. Inspekta alikunywa chai yake.

Mwizi wa kuuza, aliwaza, angebeba kamera peke yake. Huyu alibeba pia kitambaa cha pasipoti na kitu cha kuvuta macho ya mtoto. Basi alitaka picha ya pasipoti ya mtoto asiyeweza kuletwa hapa.

"Kuna mtu alikuja na shida ya namna hiyo?" aliuliza.

Theuri aliweka kikombe chini. "Jana. Mama mmoja wa Kiriaini anaitwa Watiri. Alitaka niende wodi ya watoto, kule hospitali ya misheni. Nilimwambia siendi."

"Kwa nini?"

"Siendi tu, afande."

Gathoni aliokota vikombe na kutoka upesi.

Uwanja mbele ya wodi ulikuwa umetoka kufyekwa, na majani mabichi yalinata kwenye buti za Wandera. Kabla hajafika mlangoni alisikia njuga zikilia ndani, taratibu.

Sista Tryphosa alimzuia mlangoni. "Inspekta, hapa hakuna wezi. Kuna wagonjwa na mimi, na mimi sijalala tangu jana. Kwa hivyo uliza haraka."

"Nani alileta kamera?"

"Kamera gani?"

"Ile iliyo kwenye kiondo chini ya kitanda kile. Mkanda wake unaonekana."

Tryphosa aligeuka akatazama. "Huo mkanda nilijua utatuponza."

Kitandani alikuwa mtoto wa miaka minne, midomo yake ya rangi ya buluu, njuga mkononi. Mama yake alisimama kati yake na inspekta.

"Wewe ndiye Watiri?"

"Ndiyo. Na huyu ni Wahome. Ako na tundu kwa moyo." Alisema upesi, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Daktari ya hapa anarudi kwao Uholanzi Jumamosi. Amekubali kwenda na yeye, huko wamshone. Kiti ya ndege iko. Pasipoti ndio hakuna."

"Hukuomba?"

"Niliomba. Picha ikarudishwa. Alikuwa amelala kwa mto, macho imefungwa. Wanataka akae, macho wazi, nyuma kweupe. Karani mmoja Nairobi amenionea huruma. Amesema picha nzuri ikifika kesho kabla ya saa sita, anafanya kila kitu siku hiyo hiyo."

"Na picha iko wapi?"

"Ndani ya hiyo kamera. Ukiifunga stoo ya polisi, afande, umefunga mtoto."

Wandera aliijua sheria. Mali ya wizi ni kielelezo. Hufungwa lakiri na kusubiri mahakama, na mahakama ina miezi yake.

"Nani aliipiga?"

"Hata unifunge mimi, sisemi."

Mtoto alitikisa njuga, akamtazama inspekta bila woga. Wandera alichukua kiondo.

"Kielelezo chako hiki," alimwambia Theuri walipokuwa tena studio. "Safisha filamu yake. Lazima nijue kilichomo kabla sijaandika ripoti."

Filamu ilipokauka, Wandera aliingia katika chumba cha giza pamoja na mpiga picha, kisha akamgeukia Gathoni aliyebaki nje. "Na wewe, mama. Ingia, ufunge mlango."

Walisimama watatu chini ya taa nyekundu. Theuri alizamisha karatasi nyeupe katika beseni la dawa. Kwa muda haikuwa na kitu. Kisha doa likaja, likawa nywele, likawa paji la uso, na mtoto akawatazama kutoka ndani ya maji.



Nyuma yake kilikuwa kitambaa cheupe, na pembezoni mwa kitambaa, kila upande, vidole. Vidole vya wanawake wengi, vingine vyenye pete, kimoja kimefungwa bendeji, vyote vimekikaza kisipeperushwe na upepo. Na macho ya mtoto yalikuwa wazi kabisa, yakitazama juu, mbali kuliko kamera. Wandera hakuwahi kuona uso wa namna ile katika picha ya serikali.

"Aliona nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mlima," alisema Gathoni.

Theuri aligeuka.

"Nilitikisa njuga mpaka mkono ukachoka," aliendelea. "Macho yamefumba tu. Wamama wa wodi nzima walikuwa wametoka na blanketi zao kushika kitambaa, na baridi ile. Halafu ukungu ukafunguka, mlima ukatoka wote na theluji yake. Amelala pale tangu Aprili na hajawahi kuuona. Akafungua macho mwenyewe, akauliza, 'Mami, hiyo ni nini?' Wamama wote wakageuka. Mimi peke yangu sikugeuka, kwa sababu nilikuwa nimeshika kamera. Nilikuwa nairudisha nikaona polisi mlangoni. Nikarudi nikaiacha na Sista."

"Ungeniomba," Theuri alisema.

"Watiri alikuomba nikiwa hapo, Baba Ngendo. Ulikataa."

Tangu mazishi ya binti yao hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Theuri aliushika ukingo wa meza.

"Ngendo alifia wodi ile ile," Gathoni alimwambia inspekta. "Njuga ni zake, za kujifunzia kutembea. Baba yake aliapa hataingia pale tena, na mimi sikumlaumu. Lakini wetu hatukuwa na la kumfanyia. Huyu alihitaji picha tu. Ningekuomba mara ya pili, Baba Ngendo, ukatae tena, sijui kama ningeweza kukaa nyumba moja na wewe. Kwa hivyo nikaiba."

Dawa ilitikisika kidogo ndani ya beseni.

"Bwana Theuri," Wandera alisema, "mlalamikaji ni wewe. Unashtaki?"

Mpiga picha alikuwa akitazama vile vidole. "Nairobi wanataka picha ngapi?"

"Mbili. Daktari asaini nyuma. Landrova yangu inapeleka vielelezo Nairobi jioni hii."

Theuri alizikata mbili kwa wembe, akiiacha ile mikono nje. Kisha akatengeneza ya tatu, nzima, akaitundika ikauke. Alivaa koti.

"Nitazipeleka kwa daktari mimi mwenyewe," alisema.

Mlangoni mwa wodi alisimama. Ndani njuga zililia. Gathoni, nyuma yake, hakumsukuma wala hakumwita. Theuri alivua kofia, akaingia.

Jumapili Sista Tryphosa alipiga simu kituoni. Pasipoti ilikuwa imetoka Ijumaa, na mtoto alikuwa ameruka na daktari.

"Na zile njuga?" aliuliza Wandera, kalamu ikiwa juu ya ripoti. "Ni mali ya mlalamikaji. Lazima niandike zimerudi."

"Basi acha hapo wazi," Tryphosa alisema. "Baba Ngendo alizifunga mguuni mwa mtoto kwa mkono wake."