Vigingi vya Uzi Mweusi

Vyura wa ziwani walinyamaza wote kwa mpigo pale Fundi alipogonga kigingi cha kwanza. Hakujali. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, giza lilikuwa linakuja, na mkewe alikuwa amekaa juu ya begi akimtazama.

"Baba Kidoti, vigingi vyetu si vilikuwa vinang'aa? Hivi vina kutu."

"Mwanamke, unataka hema au unataka kung'aa?"

Mkewe akaguna, akachukua kopo na kwenda bombani kutawadha.

Ukweli ni kwamba mfuko wa vigingi Fundi aliusahau nyumbani, juu ya friji ya mteja. Na yeye ndiye fundi friji ambaye mtaa mzima unamsifu kwamba hapotezi hata skrubu moja. Akiri kwa mkewe kwamba kasahau? Afadhali ameze nyundo. Kwa hiyo alikuwa amemshika mkono Kidoti, binti yao wa miaka sita, akaaga kwamba wanakwenda kuokota kuni, wakaingia msituni nyuma ya kambi.

Huko walikuta kiwanja kidogo cha mviringo, kitupu, hakuna hata jani lililoangukia ndani yake. Kukizunguka kulikuwa na vigingi vya chuma, kila kimoja kimefungwa uzi mweusi wenye mafundo. Fundi alijiambia ni vya wapiga kambi waliotangulia. Akaving'oa vyote kumi na viwili, kwa hasira, bila hata kusema bismillahi. Mungu amsamehe, mdomo wake siku ile ulikuwa na nafasi ya kulalamika tu.

Sasa alivigonga kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa kimepinda. Akakigonga, kikaruka, akakigonga tena, nyundo ikamla kidole gumba. Alitoa tusi ambalo halifai kuandikwa, akakivurumisha kigingi katikati ya ziwa. Pembe ile akaifunga kwenye jiwe.

"Baba, umekitupa," alisema Kidoti.

"Mama asijue. Vilikuwa kumi na kimoja, umesikia?"

"Lakini tulihesabu kumi na viwili."

"Kumi na kimoja, mwanangu. Sema."

Mtoto akasema. Akamkaririsha mara tatu, kama mtu anayemfundisha mwanawe sura.

Walikula mkate na mayai baridi, maana jiko la gesi nalo liligoma. Fundi alisali haraka haraka, akili iko kwenye jiko. Wakaingia kulala, Kidoti upande wa pembe yenye jiwe.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya chuma kibichi, kama ile inayojaa kinywani jino likishang'olewa. Halafu, nje, karibu na miguu yao: tik.

Kimya. Halafu tik, kwenye kigingi cha pili.

"Ni nini hicho?" mkewe alinong'ona.

"Kamba tu. Upepo."

"Upepo gani? Baba Kidoti, sikiliza. Kinahesabu."

Kikagonga taratibu, kigingi baada ya kigingi, kikilizunguka hema, hadi cha kumi na moja. Kilipofika kwenye jiwe hakikugonga. Kilisubiri. Kisha kikaanza upya kutoka cha kwanza.

"Tuondoke," mkewe alisema. "Tuingie garini, sasa hivi."

Fundi akavuta zipu. Haikwenda. Akaivuta kwa mikono miwili akiitukana moyoni, zipu, hema, safari yenyewe, mpaka kishikio kikabaki mkononi mwake kama jino bovu. Na wakati huo kile kitu kilikuwa kimemaliza mzunguko wa tatu, na kilipofika kwenye pembe ya jiwe hakikungoja tena, kilianza kupapasa turubai kwa nje, kwa vidole ambavyo vilikuwa virefu kuliko vidole, vikishuka, vikipanda, vikibonyeza kitambaa mpaka kikamgusa Kidoti begani, na mtoto hakulia, alikuwa macho, ametulia, midomo yake ikicheza bila sauti, na Fundi akajitupa juu yake akaanza kusoma Ayatul Kursi aliyoisoma tangu utotoni, akafika katikati, na katikati hapakuwa na kitu, maneno yamefutika, akarudia mwanzo, akakwama palepale, mpaka mkewe akaidaka na kuisoma hadi mwisho, akaianza tena, na tena, kulipopambazuka bado anaisoma.

Mama Mtunza Kambi alipita alfajiri na bunda lake la funguo za vyoo, akawakuta wametoka kwa kupasua turubai. Alipoona vigingi alisimama, funguo zikaanguka.

"Nani kaving'oa hivi?"

"Shemeji, mimi nilidhani..."

"Hukudhani. Mtu akidhani huuliza. Marehemu mume wangu alivipigilia huko kwa dua, kukifungia kilichokuwa kinachukua watoto wa wapiga kambi. Aliyeving'oa avirudishe kwa mkono wake, na aseme kweli. Vilikuwa vingapi? Marehemu hakuniachia hesabu."

Mkewe alikuwa anamtazama. Kidoti pia. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi wa Fundi, lakini akakumbuka kwamba akilisema itabidi aseme na kusahau, na hasira, na kigingi kilichotupwa, na mtoto aliyefundishwa uongo. Yote mbele ya mwanamke aliyekesha akimsomea aya.

"Kumi na kimoja," alisema, akauminya mkono wa Kidoti.

"Hakika?"

"Nimesema kumi na kimoja, mama!"

Kule kiwanjani ardhi ilikuwa imejifunga, hapakuwa na tundu hata moja la kumsuta. Akavipigilia, safari hii kwa bismillahi, Mama akisoma nyuma yake. Vyura wakaanza kulia. Mkewe naye akalia, kwa faraja, na Fundi akajiambia kwamba basi, yamekwisha, atatubu akifika nyumbani.

Walifika jioni. Mkewe alikwenda kumlaza Kidoti, Fundi akabaki sebuleni, ameshika ule mfuko alioukuta juu ya friji, akitafuta pa kuuficha.

Mkewe alitoka chumbani ameshika kile kigingi kilichopinda. Majimaji ya ziwa yalikuwa yanadondoka sakafuni, na uzi mweusi ulining'inia, mafundo yote yamefunguliwa.

"Kilikuwa chini ya mto wa mtoto," alisema. Macho yake yakashuka kwenye mfuko, yakapanda usoni kwa mumewe. "Baba Kidoti. Vilikuwa vingapi?"

Fundi alifungua mdomo. Safari hii alitaka kusema, Mungu ni shahidi, alitaka.

Lakini kutoka chumbani, gizani, sauti nzito yenye kutu ilimjibia kwa kinywa cha binti yake:

"Kumi na kimoja, mwanangu. Sema."