Mgeni wa Chumba cha Juu

Biashara Street ilifurika watu asubuhi ile, na Ummukulthum alikuwa amesimama dukani akichagua leso za bibi harusi. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, kuwapaka hina na piko, na alikuwa amekuja Mombasa kutoka Malindi kwa harusi ya Jumamosi. Kando yake mwanamume mrefu, mikono ya kanzu imekunjwa na kofia imemkaa upande, alikuwa akilundika leso juu ya leso bila hata kuuliza bei.

"Kaka, kwani una wake wangapi?" Ummukulthum alishindwa kujizuia.

"Sina hata mmoja, dadangu. Hizi natandika vitandani. Nina nyumba ya wageni Mji wa Kale, nyumba kongwe ya mawe, kwenye kichochoro cha wachonga mbao."

Ummukulthum aliitambua mara moja. Ndiyo nyumba aliyopanga kufikia. Tena ndiyo nyumba alimozaliwa mamake. Lakini hilo la pili alilimeza. Alitaka kwanza kuiona kwa macho ya mgeni, asionewe huruma.

"Basi mgeni wako wa leo ni mimi," alisema.

"Alaa! Lete mkoba huo niubebe. Mimi Aidarus."

Alipewa chumba cha juu, kile kile mamake alichomsimulia, chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na boriti nyeusi darini. Kuta nene zilifukuza joto, kitanda kilinukia asumini, na asubuhi mahamri na mbaazi zililetwa zingali moto. Alilala kama mtoto. Mchana alipokwenda Makadara kumpaka bibi harusi hina, simu haikutulia.

"Samaki wa kupaka yuko jikoni," Aidarus alimwambia. "Aliwe na nani?"

"Wape wageni wako."

"Mgeni wangu yuko Makadara ananiringia."

"Kama huyo samaki ana pilipili nyingi, narudi Malindi leo leo."

"Nitazitoa moja moja, laazizi, bora urudi."

Neno hilo lilimponyoka, wote wawili wakacheka.

Siku ya Ijumaa mamake, Bi Mwanakuu, alimpigia. Ummukulthum alisimama katikati ya chumba, machozi yakimlengalenga. "Mama, niko chumbani mwako. Kila kitu kipo. Nyumba yetu haijapotea! Wallahi nitakurudisha humu."

Aidarus alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Aliiweka chini polepole.

"Kumbe wewe ni wa nyumba hii," alisema. "Mwaka jana mjombako alikuja na wakili, anataka tufukuzwe. Sasa wamekutuma wewe, na tabasamu."

"Aidarus, nisikize..."

"Ungeniambia siku ya kwanza, dukani."

Hapo alikuwa na haki, na ndipo palipomchoma. Lakini kuitwa mjumbe wa mjomba wake, mtu waliyekuwa hawasemezani, hakukuvumilika. Alivaa buibui, akabeba mkoba, akaenda kulala kwa kina bibi harusi. Simu ya Aidarus ililia hadi ikachoka.

Jumamosi, maharusi walipokwisha kutolewa mbele ya watu, simu ililia tena. Safari hii alipokea.

"Kulthum, njoo tafadhali. Kuna mama hapa barazani ameketi, anasema hainuki mpaka uje."

"Mama yupi?"

"Wako. Ameshakosoa mbaazi zangu."

Alipofika alimkuta Bi Mwanakuu amejinyoosha barazani, viatu amevua, kikombe mkononi, na Aidarus ameketi sakafuni mbele yake kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani.

"Jana simu haikuzimwa, niliyasikia yote, ndipo nikaja. Nimemwambia," mamake alisema. "Nyumba hii baba yangu aliiuza kwa ridhaa yake, na huyo ndugu yangu hana haki hata ya kokoto moja. Mimi nataka kulala chumbani mwangu kabla sijafa. Usiku mmoja tu, kama wageni wengine. Hilo ndilo uliloniahidi, au sivyo?"

"Ndilo, Mama."

Aidarus alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Nami nilikuficha ukweli. Nisamehe pia."

"Mama," Aidarus alimgeukia Bi Mwanakuu, "wazee wangu niwalete Malindi lini?"

"Malindi mbali kwa nini? Posa yangu ililetwa barazani hapa hapa. Walete kesho baada ya alasiri, mie nipo."

"Mama! Mimi sijaulizwa!"

"Basi nakuuliza," Aidarus alisema kwa sauti ndogo. "Wazee waje, Kulthum?"

Ummukulthum alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, lakini kicheko kilimshinda.

"Waje," alisema. "Na wewe kapike mbaazi nyingine, maana za leo umeshasikia habari zake."