Jini wa Sehemu ya Pili

Siku hiyo sisimizi waliikataa damu. Mpambaji wa waigizaji aliinamia ndoo yake ya damu ya bandia: sharubati nzito ya sukari na rangi nyekundu, ile ile ambayo sisimizi huivamia kama wadoezi harusini. Leo walifika ukingoni, wakageuza. Na ilinuka chuma.

Akamweleza mumewe, ambaye ndiye mwongozaji. Watu walimwita Kata, maana neno hilo aliliamrisha hata usingizini. Alichojibu ni kwamba sisimizi hawanunui tiketi.

Filamu yake ya kwanza ilitisha, haki yake tusimnyime, na haikumwaga damu hata tone: mlango tu, na mtu anayepumua nyuma yake. Sifa zikampanda kichwani. Ya pili akaijaza matumbo na misumeno mpaka buchani wangeona haya. Akaleta na mganga wa kweli, bibi mmoja mkavu, aite jini wa kweli mbele ya kamera. Bibi akaita. Alipofungua kinywa ili amuage, Kata akakata. Eti jini akitolewa, sehemu ya tatu ataigiza nani? Kesho yake ndipo sisimizi walipoikataa damu.

Siku ya maonyesho, alasiri, ukumbi ulifurika. Utumbo wa kwanza ulipochomoka, watu wakacheka. Kichwa kilipobingirika, mama mmoja akauliza kama tikiti lile limeiva. Kufika katikati, waliobaki walikuwa wanakoroma. Kata alijikunyata kitini, mkewe akamshika mkono, akaukuta wa baridi, na vicheko vilipokwisha akasikia kimoja kimebaki, kikavu, cha chini chini, kikipanda polepole karibu na sikio lake pamoja na ile harufu ya chuma, akageuka amtazame huyo asiye na haya, akaona kinatoka kinywani mwa mumewe, na midomo ya mumewe haitikisiki.

Walimfikisha nyumbani kwa kumbeba. Mpambaji akamfuata bibi, akamleta, akamnong'oneza, "Bibi, nirudishie mume wangu."

"Mimi niliita mgeni," bibi akasema, akimtazama Kata kama uchafu kwenye kiatu. "Mumeo ndiye aliyenizuia kumuaga."

Akayasoma maneno yaliyokatwa, yote, taratibu. Kata akatetemeka, ikatoka sauti isiyo yake.

"Nakwenda. Filamu yenyewe nimeiona. Hata sisi majini tuna hadhi yetu."

Kata akapepesa macho, akaomba maji. Mkewe alimkumbatia akilia, naye Kata, hata glasi hajaiweka chini, akauliza kama ile sauti ilirekodiwa. Bibi akasonya, akatoka bila kuaga.

Ndiye yeye, mpambaji akajiambia. Upuuzi huu ni wake mwenyewe.

Asubuhi Kata alikuwa ananyoa ndevu, akiimba, wembe ukamparuza shavuni. Tone moja likaanguka kwenye beseni. Mkewe alikwenda na kitambaa alifute. Halikunuka chuma; lilinukia sukari.

Sisimizi walikuwa wamekwishafika, wanakunywa.