Mzizi Uliokatikia Kitaluni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Lea na rafiki yake Zaitun walikwenda kwenye kitalu cha kikundi cha akina mama kuhamisha viriba. Kitalu kilikuwa kando ya korongo, mwendo wa nusu saa kutoka kijijini kwao Buigiri, mahali ambapo udongo ulibaki na unyevu hata wakati wa kiangazi. Viriba vilikuwa vifuko vyeusi vya nailoni vilivyojazwa udongo, na katika kila kimoja kulikuwa na mche wa mkorosho. Zaitun alikuwa na safu yake ya viriba ishirini, na Lea yake. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unanyanyua kiriba, unaangalia chini kama kuna mzizi unaochungulia, unaukata kwa wembe ukiwa bado mwembamba kama uzi, kisha unakiweka kiriba pembeni kidogo.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Malori ya wanunuzi binafsi yalipita vijijini yakitafuta ufuta na karanga, na watu wa Dodoma wakaanza kujiuliza kwa nini korosho ziwe za watu wa Kusini peke yao. Ndipo bwana shamba Anyitike, mtu wa Mbeya aliyependa utani, alipowaletea akina mama mbegu.

"Mkorosho ni mjanja kuliko sisi," aliwaambia watoto siku ya kwanza. "Kabla haujajinyoosha juu, unashuka chini. Mzizi wake mkuu unatafuta maji kule jua lisikofika. Jani lake ni gumu kama ngozi, halipotezi maji ovyo. Kiangazi kikizidi, unaangusha majani mazee na kubaki na yale unayoweza kuyalisha. Lakini mkiukata mzizi mkuu ukiwa umeshanenepa, mmeukata miguu. Na asiye na miguu katika Dodoma hii, nani atampelekea maji?"

Watoto walicheka.

"Mkikuta kiriba kimeshika ardhi, msivute. Niiteni mimi."

Lea naye alicheka. Lakini ilipofika Novemba, mchezo wa rede ulipamba moto pale uwanjani, na hakuna aliyekwepa mpira kama Lea. Jumamosi moja hakwenda kitaluni. Ya pili akasema atakwenda kesho. Kuanzia ya tatu hakukanyaga tena huko.

"We Lea, viriba vyako vitajenga nyumba hapo hapo vilipo!" Zaitun alimtania.

"Wewe uje upange chumba," Lea alijibu, akaukwepa mpira.

Jioni mama yake, Hana, aliyekuwa katibu wa kikundi, alimuuliza, "Viriba umehamisha?"

"Ndiyo, mama."

Hana hakuwa mtu wa kuuliza jambo mara mbili.

Mvua ilishika vizuri Januari, na ikatangazwa kwamba Jumamosi miche itagawiwa. Lea aliamka alfajiri akakimbilia kitaluni. Aliinama kwenye kiriba cha kwanza, akakinyanyua. Hakikunyanyuka. Akakishika kwa mikono miwili, akavuta.

Tap!

Chini ya kiriba ulining'inia mzizi mnene kama penseli, mweupe pale ulipokatikia. Nusu yake ilibaki ardhini. Udongo ndani ya kiriba nao ulikuwa umevunjikavunjika.

Lea alisimama nao mkononi. Upande wa pili wa kitalu alisikia sauti ya Bwana Anyitike akisalimiana na mama yake. Ilikuwa apige hatua ishirini tu, aseme. Alifikiria macho ya mama yake. Akainama, akavuta cha pili. Alipofika cha mwisho vidole vilikuwa vinamuuma. Kisha akachota tope, akaziba chini ya kila kiriba. Majani yalikuwa ya kijani, yananawiri, na aliyeangalia kwa juu asingejua kitu.

Safu ya Zaitun ilichukuliwa na mama yake Zaitun. Safu ya Lea alipewa Bibi Yasinta, mama yake Hana.

"Shikamoo, Bibi," Lea alisema, akiangalia chini.

"Marahaba, mke mwenzangu! Mbona huniangalii? Au marehemu mume wetu amekukataza?" Bibi alicheka, akaupapasa mche mmoja kama anayempapasa mtoto kichwani. "Umenilelea vizuri. Hii nitakula korosho zake na wewe utawasimulia wanao."

Waliipanda siku ile ile, kwenye shamba la Bibi kule kilimani. Bibi Yasinta alikuwa na sifa kijijini. Akina mama walikuwa wakimwita msimu wa mvua aangushe mbegu za kwanza katika mashamba yao, kwa sababu walisema alichopanda yeye hakikosi kuota.

Wiki tatu baadaye mvua ilikatika. Watu walingoja wiki moja, wakangoja nyingine. Mtama ulijikunja, anga likawa jeupe kama bati. Kwa mama yake Zaitun mikorosho iliangusha majani mawili matatu, ikasimama. Kwa Bibi ililegea yote. Majani yalining'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Bibi akaanza kubeba maji. Kila alfajiri alishuka korongoni, akafukua mchanga, akangoja maji yajikusanye, akayachota kwa kopo mpaka ndoo ijae, akapanda nayo kilimani. Kila mche kopo moja. Kisha akarudi kuchota tena. Goti lake la kushoto likaanza kuvimba.

Lea alifanya kila alichoweza, isipokuwa kile kimoja. Alichota maji baada ya shule. Alitandaza nyasi kavu kwenye mashina, akachomeka matawi yawe kivuli. Usiku aliomba. Asubuhi mche mwingine ulikuwa umekauka.

"Bibi, acha tu," alisema siku moja. "Hata ukimwagilia, haitapona."

"Nani amekwambia?"

Lea aliinama, akajifanya anapanga nyasi kwenye shina.

"Mtoto akiugua humwachi kwa sababu umechoka," Bibi alisema, akafunga kitambaa gotini. "Ila sielewi, mjukuu wangu. Mbegu moja, siku moja, mvua moja. Mama Zaitun hamwagilii hata tone, na yake imesimama. Labda kweli wanayosema watu."

"Wanasema nini?"

"Kwamba mkono wangu umekauka."

Usiku ule Lea hakula. Hana alimpapasa shingo, akasema, "Homa huna. Kama una jambo, liseme." Lea alifungua mdomo. Aliwaza miche kumi na miwili iliyokwisha kufa, na kwamba hakuna neno lingeiotesha tena. Akaufunga.

Mwezi wa tano, miche ilikuwa imebaki mitatu. Alfajiri moja Bibi alichelewa kurudi, na Lea akashuka korongoni kumtazama. Alimkuta ameketi kwenye mchanga uliolowa, mguu mmoja umenyooka, ndoo imelala ubavuni. Maji yalikuwa yamemwagika yote. Bibi alikuwa akiyachota tena kwa kopo, taratibu, kutoka kwenye kishimo kisichokuwa na maji ya kutosha hata kunawa uso.

"Nimeteleza kidogo," alisema. "Nipe mkono. Ikijaa hii tunakwenda."

"Bibi, usichote."

"Imebaki mitatu, Lea."

"Bibi, usichote! Haina mizizi. Niliikata mimi." Maneno yalitoka yote kwa pamoja, na kilio juu yake. "Sikuhamisha viriba. Nilikuwa nacheza. Vilishika ardhi, nikavuta, nikaziba kwa tope. Yote ishirini, Bibi. Niliikata tangu Januari."

Bibi aliacha kuchota. Kopo lilibaki limeinama, maji yakimtiririkia kwenye khanga.

"Kwa hiyo mkono wangu hauna tatizo," alisema mwishowe.

"Hauna, Bibi."

"Miezi mitatu nimeuchukia mkono huu."

Lea alimshika kiuno, wakapanda kilima polepole, ndoo ikiwa tupu.

Hana alipoambiwa hakupiga kelele. Alichukua jembe, akaenda shambani, akafukua mmoja wa miche mitatu iliyobaki. Chini ya shina kulikuwa na kisiki kifupi kama kidole gumba, cheusi, kimeoza. Alikiweka kwenye kiganja cha Lea.

"Shika. Sasa nisikilize," alisema. "Siku ile mashimo yalikuwepo. Mbegu zilikuwa zimebaki nusu gunia stoo. Mvua ilikuwa inanyesha. Ungeniambia asubuhi ile ningekuchapa, ndiyo, ningekuchapa. Na jioni tungefukia mbegu kwenye mashimo yale yale, na leo mizizi ingekuwa imeshuka chini yenyewe. Mvua ya Januari siwezi kuirudisha. Goti la mama yangu siwezi kulirudisha. Utazunguka nyumba zote za kikundi uwaambie kwamba mkono wa bibi yako hauna kosa. Mimi sitakusindikiza."

Lea alizunguka. Kwa mama yake Zaitun alilia mpaka akapewa maji. Nyumba nyingine walimsikiliza bila kuacha kazi zao, na hilo lilimuuma kuliko fimbo. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Kiangazi kizima Lea alibeba maji ya Bibi ya kupikia na kuogea, kwa kuwa goti lilikataa kilima.

Desemba mvua iliporudi, Bwana Anyitike alileta mbegu nyingine. Safari hii hawakutumia viriba. "Mbegu mbili kila shimo, papo hapo shambani," alisema. "Tukiona ulio na nguvu, tutang'oa mwenzake. Mzizi ukianzia hapa hakuna wa kuuvuta." Bibi aliketi kwenye kigoda ukingoni mwa kila shimo, akaangusha mbegu kwa mkono wake, na Lea akafukia.

Kiangazi kilichofuata mikorosho ile ilikuwa mifupi, haifiki magotini, na kila mmoja ulikuwa umebaki na majani manne au matano. Lea aliingiwa na hofu. Alikuja na kopo la maji.

"Uache," Bibi alisema. "Mzizi uko kazini huko chini."

Walikaa wakiitazama. Yote ishirini ilikuwa imesimama.

"Bibi, umenisamehe?"

"Nilikusamehe zamani. Goti ndilo bado." Bibi alilinyoosha kwa mikono miwili, akaguna. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuzembea, hata mtu mzima huzembea. Mche ulikatika mzizi, ukabaki wa kijani wiki tatu nzima, haukuniambia kitu kwa sababu hauna mdomo. Wewe unao. Ukiharibu, sema siku ile ile, wakati mvua bado inanyesha."