Kanda ya Kuokota

Haya yalimpata rafiki yangu Scholastika wa hapa Nyakisasa, mwaka wa vita. Mwanawe Privatus alikuwa mstari wa mbele huko Uganda. Scholastika alibaki na redio kaseti, na kanda moja yenye sauti ya mwanawe.

Siku moja alikwenda Biharamulo kununua betri. Kwenye basi akaokota kanda isiyo na jina.

Aliponionyesha nikamwambia, "We mama, hata pombe ya ndizi mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Hiyo ameionja nani?"

"Labda Privatus kanitumia salamu. Funga domo lako."

Jioni akajifungia ndani, mvua inapiga bati, giza tupu, akaiweka. Ikavuma tu. Kisha ndani yake kitu kikavuta pumzi. Akaichomoa, akaitupa motoni.

Akaweka ile ya mwanawe, imtulize.

"Shikamoo mama," Privatus akasema, akanyamaza kama kawaida ili mama aitikie. Scholastika hajafungua mdomo, sauti ya mwanamke mwingine ikaitikia humo redioni:

"Marahaba, mwanangu."

Na Privatus, ambaye kwenye kanda ile hakuwahi kucheka, akacheka.